Mistari Mitatu kwa Siku: Habari za Shajara katika Uganda

Mtu asimamaye juu ya kilima cha Makerere akatazama upande wa kaskazini huiona Bwaise chini bondeni: mabati yaliyosongamana, barabara ya Bombo iliyojaa magari, na mfereji wa Nsooba ukipeleka maji yake kwenye kinamasi cha Lubigi. Juu ya kilima hicho, katika hifadhi za maktaba ya Chuo Kikuu, zimewekwa shajara za mwalimu wa dini aitwaye Apolo Kivebulaya, aliyefariki mwaka 1933. Chini bondeni nafundisha Kiswahili jioni kwa watu wazima: maseremala, waendesha bodaboda, wauza mkaa na wauza chapati. Baina ya shajara zile na darasa langu si mwendo mrefu kwa miguu. Nautaja umbali huu kwa sababu makala haya yalizaliwa katikati yake.

Walimu wenzangu, nadhani kila mmoja wetu amekwisha kuwapa wanafunzi zoezi la kuandika habari za siku. Mimi nililitoa hivi: kila jioni, kabla ya kulala, andika tarehe, kisha mistari mitatu kwa Kiswahili, si zaidi. Siku ya tatu kijana mmoja anayekaanga chapati kando ya barabara alirudi na daftari tupu. Akaniambia, "Mwalimu, halikutokea jambo lolote. Niandike nini?" Sikuwa na jawabu la maana. Nilimwambia aandike tu, jawabu ambalo mwalimu hulitoa anapokosa jawabu. Baadaye nikaanza kutafuta: katika nchi yetu hii, ni nani walioandika siku zao, na waliandika nini siku ambazo halikutokea jambo?

Nianze na maneno yenyewe, maana ndiyo kazi yetu. Kamusi zetu huita kitabu cha mambo ya kila siku shajara. Kwa Kiarabu neno hilo ni mti, na mti wa nasaba huitwa kwa neno hilo hilo. Yamkini ndiyo sababu baadhi ya wazee wa pwani hulisikia neno shajara wakafikiria kwanza ukoo, si siku. Daftari nalo limetoka mbali zaidi: Waarabu walilipokea kutoka kwa Wayunani, na huko lilikuwa na maana ya ngozi iliyotengenezwa. Mabaharia wanalo neno lao, batli, yaani kitabu cha habari za chombo safarini. Wanahodha wa Ghuba waliandika ruznama, neno la Kiajemi lenye maana ya maandishi ya kila siku: upepo, bandari, bahari ilivyokuwa. Nahodha hangoji tufani ndipo aandike. Akiandika siku za tufani peke yake, kitabu chake hakitamsaidia mtu kufika.

Hata hivyo, kabla ya shajara hapana budi pawe na tarehe, na tarehe si kitu kilichokuwapo hapa tangu zamani. Waganda walihesabu wakati kwa kabaka aliyetawala na kwa majira. Mwaka wao ulikuwa msimu mmoja wa mvua na mavuno, kiasi cha miezi sita. Kalamu, karatasi na hesabu ya siku za mwezi viliingia pamoja na wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani. Kabaka Mutesa alianza kufunga Ramadhani mnamo mwaka 1867, na mtu afungaye hulazimika kujua leo ni siku ya ngapi. Alijifunza kusoma hati za Kiarabu, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha za baraza lake. Basi lugha hii, ambayo wengi katika Kampala huiita ya kigeni, ilifika Buganda pamoja na tarehe yenyewe.

Stanley alipofika mwaka 1875 alimwacha katika baraza la Mutesa kijana aitwaye Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari wa Zanzibar, ili amsomee na kumwandikia Kabaka. Miaka michache baadaye wakaja watu ambao kuandika kila siku kulikuwa sehemu ya kazi yao. Alexander Mackay alifika Buganda mwezi wa Novemba 1878, na barua na shajara zake ndizo dada yake alizotumia kutunga kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1890, mwaka ule ule aliofariki Mackay. Tarehe 17 Februari 1879 padre Simeon Lourdel na bradha Amans wakashuka pwani ya ziwa karibu na Entebbe. Hao walikuwa wa shirika la White Fathers, na mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, alikuwa ameagiza kwamba kila kituo kiwe na shajara na iandikwe siku kwa siku. Dondoo zake zilipelekwa makao makuu Algiers, zikachapishwa katika jarida la kila robo mwaka.

Agizo hilo lataka tulitazame kidogo, maana lina faida na lina hasara. Faida yake ni kwamba shajara ile ilikuwa ya nyumba, si ya mtu. Padre akiugua, mwenzake huendelea. Akifa, kitabu hakifi. Ndiyo maana wanahistoria wa leo waweza kufuata mambo ya vituo vile kwa miongo mingi: nani alikuja kusoma, nani aliugua, mvua ilikuwaje, baraza la Kabaka lilisema nini. Hasara yake ni kwamba mwandishi alijua kuwa mkubwa wake atasoma. Mtu anayejua hivyo huichagua kalamu yake. Nitalirudia jambo hili nitakapofika darasani kwangu, kwa kuwa nililitenda kosa lake bila kulijua.

Shajara ninayoipenda kuliko zote za wakati ule ni ya Askofu James Hannington, ingawa safari yenyewe ilikuwa ya makosa. Mwaka 1885 aliamua kuingia Buganda kwa njia ya mashariki, akipita nchi ya Wamasai, njia ambayo baraza la Mwanga lililiogopa sana tangazo la mgeni yeyote atokaye huko. Aliacha sehemu kubwa ya msafara wake kwa Mumia, akaendelea na watu kama hamsini hadi Busoga, kwa mtemi Luba. Hapo alikamatwa tarehe 21 Oktoba, akafungiwa. Tarehe 29 aliuawa pamoja na wapagazi wake wengi. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Alikuwa na kitabu kidogo cha tarehe, cha kutiwa mfukoni. Tangu mwanzoni mwa karne ile, London palikuwa na mchapaji aitwaye John Letts aliyeuza vitabu vyenye tarehe zilizokwisha kupigwa chapa, na vya namna hiyo vilienea kila walikokwenda Waingereza. Umbo la kitabu kama hicho ni mwalimu wa aina yake. Kila siku imekatiwa nafasi yake, kubwa au ndogo, na siku ya leo haiwezi kumeza ya kesho. Mtu hana haja ya kuuliza aandike kiasi gani. Karatasi imekwisha kumjibu.

Katika siku zile nane za kifungo Hannington aliandika kila siku. Wala hakuandika hotuba za kishujaa. Aliandika uchafu wa kibanda, homa, uchovu, watu waliokuja kumkodolea macho kama mnyama, na kukosa habari. Siku ya mwisho alitaja zaburi ya 30 iliyomtia moyo, na fisi aliyelia karibu naye usiku. Kitabu kikapona. Kiliwafikia wamisionari wenzake, na maneno yake yakachapishwa Uingereza miaka miwili mitatu baadaye. Mambo ya mauaji yale twayajua kutoka kwa watu wengi: mashahidi, wapagazi waliookoka, porojo za barazani. Lakini fisi yule twamjua kwa sababu moja tu, kwamba mgonjwa mmoja alikuwa na desturi ya kuandika, na desturi haikumwacha hata siku ile ambayo hapana mtu angemlaumu kwa kuiacha.

Nilipowasomea wanafunzi habari hiyo, yule muuza chapati alicheka akasema, "Basi fisi pia ni habari." Nikamwambia, naam.

Sasa turudi kwa Kivebulaya. Alizaliwa mnamo mwaka 1864, akawa askari katika vita vya dini vya Buganda, na alipobatizwa mwaka 1895 akaitwa Apolo. Jina Kivebulaya ni la utani: kitu kitokacho Ulaya, kwa ajili ya koti jekundu la kizungu alilopenda kulivaa. Mwaka ule ule alipelekwa Toro, na mwaka uliofuata akavuka bonde la Semliki hadi Mboga, mahali ambapo leo ni Kongo. Huko alipigwa, akatiwa kifungoni, akatoka, akarudi. Alipewa ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903. Mpaka wa wakoloni ulipokatwa, Mboga ikaangukia upande wa Wabelgiji. Alikaa Toro kwa muda, kisha akarudi huko huko, akafanya kazi mpaka miongoni mwa Wambuti wa msituni. Alifia Mboga tarehe 30 Mei 1933, na inasimuliwa kwamba aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi ya kwao.

Mtu mwenye maisha kama hayo ungemtazamia aandike kurasa na kurasa. Aliandika kwa Kiganda, na sehemu kubwa ya maandishi yake ni fupi: alikokwenda, aliowafundisha, waliobatizwa, wageni, ugonjwa. Msomaji anayetafuta siri za moyo ataondoka na njaa. Mimi nadhani ufupi ule ndio uliomwezesha. Mtu aliyetembea mchana kutwa hana nguvu ya kutunga insha usiku, lakini ana nguvu ya kuandika jina la kijiji alicholala. Vijina hivyo vya vijiji, vikipangwa, vimewapa wanahistoria ramani ya kazi yake, ambayo barua za wazungu waliomsimamia zisingaliweza kuitoa, kwa kuwa wao hawakulala huko.

Namna nyingine ni ile ya Ham Mukasa. Mwaka 1902 Katikiro Apolo Kagwa alialikwa London kwa kutawazwa kwa Mfalme Edward wa saba, na Ham Mukasa akaenda naye kama katibu. Mfalme akaugua, na sherehe iliyowekwa tarehe 26 Juni ikaahirishwa hadi 9 Agosti. Wageni wakawa na wiki nyingi za kuzungushwa: viwanda, makanisa, meli, shule. Mukasa aliandika kwa Kiganda mambo waliyoyaona; Ernest Millar, mmisionari aliyefuatana nao, akayafasiri kwa Kiingereza, na kitabu kikatoka London mwaka 1904. Mwaka 1975 Taban lo Liyong alikitoa tena kwa kukifupisha. Hiki si kitabu cha mistari mitatu, lakini hapana kumbukumbu ya mtu iwezayo kubeba vitu vingi kiasi kile, na siku yake kila kimoja, bila maandishi ya papo kwa papo.

Na Waswahili wenyewe? Hapa pana jambo linalonitia mawazo. Tunazo habari za kale za miji, kama za Kilwa na Pate, lakini hizo huhesabu wafalme, hazihesabu siku. Tunazo safari alizozichapisha Carl Velten mwaka 1901, mojawapo ikiwa ya Salim bin Abakari aliyefuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Ni Kiswahili kitamu, na ningependa kila chuo cha ualimu kiwe na nakala. Lakini ziliandikwa baada ya safari kwisha, kwa kuombwa na mzungu aliyetaka matini ya kufundishia lugha. Jacob Wainwright, kijana Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik huko Bara Hindi, aliandika shajara ya safari ya kuuchukua mwili wa Livingstone hadi pwani, 1873 hadi 1874. Naye aliiandika kwa Kiingereza, lugha aliyofundishwa kuandikia. Watu wa Afrika Mashariki waliandika siku zao kwa lugha ya shule yao. Kiswahili kikabaki lugha ya barua, hesabu za biashara na tenzi, siku zikapita.

Katika Uganda jambo hili lina uchungu wake. Mwaka 1927 Gavana Gowers alitaka Kiswahili kienezwe mashuleni. Kabaka Daudi Chwa na Waganda wengi wakakipinga, wakihofu kwamba kingefuatwa na utawala wa masetla. Mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa, na hapana tangazo lililokidhuru zaidi, kwa kuwa wakati ule raia wa Kampala alikisikia hasa kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yamekifanya lugha rasmi ya pili. Lakini sheria haiingii nyumbani. Baba mmoja wa darasa langu, seremala wa vitanda, aliniambia katika juma la kwanza kwamba Kiswahili kwake ni lugha ya kizuizi cha barabarani: toa kitambulisho, keti chini. Nilimwomba aandike kwa lugha hiyo hiyo habari za mbao alizonunua. Alinitazama muda mrefu. Kisha akaandika: mbao sita, bei imepanda, mvua. Naona kwamba kuandika mambo madogo ya kwake kila jioni kulimfanyia kazi ambayo masomo yangu ya ngeli hayakuifanya. Lugha ilianza kuwa na vitanda ndani yake.

Sasa kosa langu. Mwezi wa kwanza nilikusanya madaftari kila Ijumaa, nikasahihisha. Mwalimu ana kalamu nyekundu kama mchinjaji alivyo na kisu; asipoitumia huona hakufanya kazi. Mwanamke mmoja mwenye umri, ambaye darasa zima humwita Jjajja, yaani bibi, alikuwa ameandika kwamba mjukuu wake anakohoa na fedha ya dawa haipo. Nikaweka duara juu ya kiambishi cha ngeli. Juma lililofuata aliandika kwamba jua limewaka. Juma jingine, jua limewaka. La tatu hakuleta daftari. Nilikuwa nimemgeuzia kitabu chake kuwa taarifa kwa mkubwa. Nilimwendea nikamwambia, "Jjajja, nisamehe. Tangu leo sitasoma asichotaka mwenyewe nisome." Akajibu, "Mwalimu, kohozi limepona, lakini nilikuwa sijui kama ni kosa la sarufi."

Tangu hapo utaratibu ni mwingine. Sikusanyi. Natazama tarehe tu, nikiwa nimesimama, daftari likiwa mkononi mwa mwenyewe. Anayependa husoma mstari mmoja kwa sauti, nasi hujifunza kutokana nao. Makosa yaliyo ya wengi nayafundisha ubaoni bila kumtaja mtu. Aliyekosa siku nne haandiki siku nne kwa mkupuo, maana deni la namna hiyo ndilo linalowatoa watu katika desturi. Anaandika ya leo na kuacha nafasi wazi. Nimewaonyesha kwamba hata vitabu vya wakubwa vina nafasi wazi: White Fathers waliondoka Rubaga mwaka 1882, hawakurudi mpaka 1885. Kadhalika nimewashauri waandike baada ya tendo ambalo halikosi kufanyika, kama kuzima jiko la mkaa au kufunga komeo la mlango, kwa sababu azimio peke yake husahaulika lakini mlango hausahauliki. Na anayesema hana karatasi, namwambia habari za Livingstone huko Nyangwe mwaka 1871. Karatasi zilimwishia, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa matunda ya mti. Wino ukafifia kabisa, na mwaka 2011 ndipo wataalamu wakaweza kuyasoma tena maandishi yale kwa taa na kamera za namna ya pekee. Ndani yake mna habari za mauaji ya sokoni ya tarehe 15 Julai.

Lakini Bwaise ina adui wa daftari kuliko ukosefu wa karatasi, nayo ni maji. Mji huu umejengwa penye kinamasi, mafunjo yamefyekwa na kufukiwa, na mvua ya vilima vyote vinavyotuzunguka huteremkia kwetu. Mifereji imepanuliwa, barabara kubwa ya mzunguko imejengwa, na bado mvua ikiwa ya nguvu maji huingia nyumbani usiku. Mimi mwenyewe nilikuwa na madaftari matano ya shajara yangu chini ya kitanda, mawili yamebaki. Wino wa yale matatu uligeuka wingu la buluu. Sasa yaliyopo nayafunga katika mfuko wa nailoni na kuyatundika kwenye boriti, na wanafunzi wamefanya vivyo hivyo.

Jambo hili la maji ndilo lililompa Jjajja kazi yake. Wageni wenye karatasi za maswali huja Bwaise mara kwa mara kuuliza mafuriko huja mara ngapi kwa mwaka, na kila jirani hujibu kwa kadiri ya hasira yake. Mmoja husema mara tatu, mwingine mara ishirini. Yeye hakuulizwa. Lakini mlango wake una ngazi nne za saruji, na katika daftari lake, chini ya tarehe, sasa kuna tarakimu: sifuri, moja, mbili, kadiri ya ngazi ambayo maji yamefika. Siku za jua huandika sifuri. Nilimuuliza kwa nini haachi siku za sifuri bila kuandika, ili kupunguza kazi. Aliniambia kwamba sifuri isipoandikwa, mtu atadhani alikuwa amelala.

Juma lililopita alinisomesha mstari kwa hiari yake. Tarehe, kisha: maji ngazi ya tatu, saa tisa usiku, mtoto nimempandisha mezani, daftari limetundikwa. Kulikuwa na kosa moja la ngeli. Sikulitaja.